Wiki Niliyopoteza Majani Yangu

Baridi ya Lubumbashi haina adabu ya kuaga. Wiki hii unalala na soksi na sweta, wiki inayofuata unaamka umetupa blanketi chini, na nje jua limekwisha kupanda juu ya ukuta wa jirani. Mwaka ule joto lilifika hivyo hivyo, mwishoni mwa Septemba, baada ya vumbi lote la Agosti, na mimi nililipokea kwa mikono miwili. Nilipiga simu ofisini, ninakoandikisha mizigo ya malori, nikaomba konji yangu, yaani likizo, ya wiki moja. Msimamizi akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia nasafiri kwenda uani kwangu. Akacheka, akadhani natania.

Uani kwangu kulikuwa na majani. Sisemi magugu. Nasema majani ya kuotesha makusudi, yale mafupi na laini ambayo huku tunayaita pelouse. Mume wangu ni fundi wa rangi, na siku moja nilimpelekea simu aliyoisahau kwenye nyumba aliyokuwa anaipaka kule Golf, mtaa wa matajiri. Mbele ya nyumba ile niliona majani kwa mara ya kwanza kwa karibu, nikavua viatu bila kuombwa. Mwenye nyumba alipobadilisha bustani yake, vipande vya majani yaliyotolewa vilihamia kwangu. Nilivipanda kwa magoti msimu wa mvua, na baridi yote nikavimwagia maji niliyooshea mboga. Majirani zangu, ambao kila asubuhi wanafagia nyua zao mpaka udongo mwekundu unang'aa, walikuwa wakiyatazama majani yangu kwa uso wa huruma. Mimi nikajua ni wivu.

Lakini mtu niliyetaka hasa ayafurahie alikuwa mama yangu. Alikuja kwangu mwezi wa Juni kutoka Kilwa, mji wetu ulio kando ya Ziwa Moero, baada ya kumzika baba. Alifika juu ya lori na begi moja, akaketi chumbani na blanketi mabegani, na hakushika kazi yoyote. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuweza kuona sufuria chafu akanyamaza! Nikimpa sombe, yale majani ya muhogo, atwange, anaiangalia tu. Nikimwuliza kama anaumwa, anatikisa kichwa. Jambo moja tu ndilo alilokuwa akilirudia: "Baridi ikiisha, nitarudia kwangu."

Kwake ni wapi? Ni nyumba tupu. Sisi watoto tumetawanyika, na nilijua akirudi atakaa peke yake akitazama mahali ambapo baba alikuwa akiketi. Wazo hilo lilinikata maini. Sikuwa na namna ya kumlazimisha, maana mama yangu halazimishwi, kwa hiyo niliweka tumaini langu lote katika joto. Nilijiambia kwamba akionja wiki moja ya uani kwangu, habari za lori zitamtoka kichwani.

Na wiki ilianza vizuri, tena vizuri sana. Nilitoa viti viwili nje. Nilitengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, nikakipoza ndani ya mtungi. Nguo nilizoanika zilikauka kabla sijamaliza kuanika zilizobaki. Maua ya zambarau ya mti wa barabarani yaliruka ukuta na kutuangukia kwenye vikombe, na mimi nikawa nayatoa kwa kidole na kuendelea kunywa. Mchana tulikula bukari, ugali wetu, na samaki hapo hapo nje, miguu yangu mitupu ndani ya majani, na mama akaongeza kipande cha pili bila kubembelezwa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima kufurahia kipande cha samaki.

"Unayaona majani yangu, mama?" nilimwuliza siku ya tatu.

"Naona, mwanangu," akasema. Akaweka mkono wake mgongoni kwangu, akauacha hapo muda mrefu. Mimi nikavimba kichwa. Nikasema moyoni, amekwisha kunaswa.

Siku ya nne nilikwenda sokoni kununua nyanya na makaa. Kwa kuwa nilikuwa kwenye konji, sikuharakisha. Nilisimama kwenye kila kivuli, nikasalimia hata watu nisiowapenda. Niliporudi na kusukuma mlango wa lupango, yaani wa ua wetu, nilidhani nimeingia kwa jirani.

Majani hayakuwapo. Uani kulikuwa kwekundu, kumetakata, na mistari ya ufagio imepangwa kuanzia kwenye barza mpaka mlangoni. Pelouse yangu yote ilikuwa lundo moja kando ya ukuta, mizizi juu. Katikati alisimama mama, jembe limelala miguuni, ufagio mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa anaimba. Tangu aje kwangu sikuwa nimemsikia akiimba.

"Umefika?" akasema. "Ona sasa. Kumekuwa muzuri."

Mimi hasira zangu ni za karibu, hata mume wangu anajua. "Mama, umefanya nini? Ile ni pelouse! Nilikuwa naimwangia mayi kila siku! Hapa haiko Kilwa, hapa ni kwangu!"

Aliuegemeza ufagio ukutani taratibu, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Mimi nikabaki nagombana na lundo. Nilichukua kipande kimoja, nikakirudisha mahali pake, nikakikanyaga kwa kisigino. Mizizi ilikuwa imekwisha kukauka kwa jua lile lile nililokuwa nalisifu. Nikakitupa, nikaingia ndani kumalizia maneno yangu.

Nilimkuta ameketi kitandani, anakunja vitenge vyake na kuviweka kwenye begi.

"Malori ya Kilwa inatokaka siku gani?" akauliza bila kunitazama.

Niliogopa, nasema kweli. Niliketi chini sakafuni, nikamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini aling'oa.

"Mwanangu," akasema, "ulitoka ku kilio ya baba yako siku ya tatu. Ofisi ilikuita. Shiye tulibakia. Siku ya mwisho, bamama balifagia lupango. Wee haukukuwa."

Hapo ndipo nikaanza kuelewa. Kwetu, mtu akifariki, uani hapafagiwi. Taka hukaa, majani huota, na kila anayepita njiani anajua kwamba nyumba hiyo ina kilio. Siku ya kumaliza, mama mmoja wa ukoo hushika ufagio, na baada ya hapo watu hurudia kazi na nyimbo zao.

"Nilipofika hapa," mama akaendelea, "nikaona majani imetoka ku barza mpaka ku mulango. Nikasema, mutoto wangu angali analia baba yake, na hakuna mutu wa kumufagilia. Namna gani nitatwanga sombe mu nyumba ya kilio? Nikaikala. Nikangoja wakubwa ba kwenu bakuje. Habakukuja. Leo nikasema, shi mama yake niko hapa."

Miezi minne. Mama yangu alikuwa amekaa na blanketi mabegani kwa heshima ya majani ya Golf.

Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati. Nilimlilia baba. Kule Kilwa nilikuwa nimeshughulikia chakula, viti na nafasi kwenye lori la kurudi, na mjini nikajishughulisha na mizigo ya watu. Sikuwa nimemlilia. Sasa nililia nimeketi sakafuni, na sikuona aibu.

"Mama, unisamehe. Nilisema vibaya."

Alichukua kitenge alichokuwa anakunja, akanipangusa uso nacho kwa nguvu, jinsi mtoto anavyopanguswa kamasi. Kisha akasimama.

"Nyuma ya jiko bado majani inabakia," akasema. "Nilichoka."

Tukatoka. Jua lilikuwa kali na zuri. Nililima mimi, yeye akafagia nyuma yangu, na ikafika mahali nikawa naitikia wimbo wake.

Mume wangu aliporudi alasiri alisimama mlangoni na ndoo yake ya rangi, akatazama udongo mwekundu, akatutazama sisi wawili miguu mitupu na vumbi mpaka magotini. Akauliza majani yamekwenda wapi. Mama, ambaye kwa heshima ya ukwe hasemi naye uso kwa uso, alinigeukia mimi na kupaza sauti ili asikike mpaka barabarani.

"Umwambie bwana yako, kilio imeisha. Na kesho aniletee matembele ya kupanda. Mvua iko karibu."