Upindo wa Mama Kui

Ukitaka kumkasirisha Nduta, mwambie umenunua nguo mpya kwa sababu unasafiri. Atakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha atakuuliza, "Kwani zile za zamani hazijui kupanda gari?"

Nduta ni fundi wa nguo hapa Njiru. Kibanda chake kiko karibu na wauza mitungi ya gesi, ukiacha barabara ya Kangundo na kuingia ndani kidogo, na cherehani yake ya kukanyaga imekaa pale mlangoni tangu zamani, wakati nyumba za mtaa huu zilikuwa za kuhesabika. Hatupi kitambaa. Vipande vidogo anashonea mito, na vidogo zaidi anajazia mito hiyo hiyo. Kifungo kikianguka njiani yeye ndiye atakayeinama kukiokota, kiwe chake au cha mpita njia. Watu wa siku hizi wana majina makubwa ya mambo hayo kwenye simu zao. Nduta anayaita adabu.

Kwa hivyo kikundi chetu cha akina mama kilipoamua kwenda Mombasa mwezi wa Agosti, si kwa mazishi wala kwa harusi bali kupumzika tu kama watu wengine, Nduta alijiteua kuwa mkubwa wa mizigo. Mimi, Truphena, ambaye majirani wananiita Mama Whitney, nilikuwa wa kwanza kukaguliwa. Aliingia kwangu, akafungua sanduku langu kitandani bila kuomba ruhusa, akaanza kutoa vitu.

"Hii ya nini? Na hii? Mama Whitney, unahama ama unatembea?"

Akaniachia marinda matatu, sketi moja inayokubaliana na blauzi zote, leso mbili na sweta ya treni. Marinda akayaviringisha kama chapati, yakaingia yote kwenye begi la mkononi. Moja lilikuwa limeachia mshono kwapani, akalishona hapo hapo akiwa amekaa kitandani kwangu.

"Nguo uliyoizoea haikusumbui safarini," alisema. "Mpya itakubana mahali, na hutajua mpaka ufike Voi."

Msichana wangu Whitney alikuwa mlangoni, akacheka. "Aki mathe, picha zote utakuwa na nguo za kitambo? Watu watasema nini?"

"Watasema mama yako ana nguo," Nduta akamjibu.

Basi alienda hivyo nyumba hadi nyumba, na kwa kweli tulimpenda kwa hilo, hata tulipomlalamikia. Yote yalikuwa sawa mpaka tulipoketi kwenye mkutano wa mwisho na suala la sare likaja.

Kikundi cha wanawake hapa Eastlands hakiendi mahali bila sare. Harusi ina sare yake, mchango wa kanisa una sare yake, na kila moja huvaliwa siku moja kisha ikalala sandukuni milele. Nyawira, mwenyekiti wetu, alikuwa tayari ameona kitambaa cha maua makubwa kule Eastleigh kwenye duka la Abdiwali, na alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu. Nduta akasimama.

"Sare gani tena? Kila mmoja wetu ana ile ya kijani, ya harusi ya Kui. Haijavaliwa hata mara moja, haijaona jua! Nileteeni. Nitapunguza mikono kwa ajili ya joto, nitapanua kiuno kwa walioongezeka, na hapa sitataja mtu."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu mama yake Kui alikuwa ameketi nasi. Ni Wacera, mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache. Safari yenyewe ilikuwa wazo lake. Hajawahi kuiona bahari, na aliomba twende hata kabla sisi wengine hatujafikiria kwamba mtu anaweza kupanda treni bila kwenda kumzika mtu. Ile kijani aliichagua yeye, kwa ajili ya harusi ya binti yake wa pekee, mwaka ule wa kabla ya korona. Harusi ikavunjika wiki ya harusi yenyewe. Kui sasa yuko Qatar anafanya kazi ya hoteli, na sisi tulibaki na sare.

Nduta aliusikia ule ukimya lakini hakuuheshimu. "Nguo haijafanya kosa lolote," akasema. "Kosa lilikuwa la yule kijana Ndirangu, na yeye hatujamwalika Mombasa."

Tukacheka tena, kwa nguvu zaidi, kile kicheko cha watu wanaotaka jambo lipite upesi. Nilimtazama Wacera. Alikuwa anacheka pia, lakini alianza baada yetu na akamaliza kabla yetu. Niliona hayo kwa macho yangu, na bado niliinua mkono pamoja na wengine. Sare ya kijani ikapita.

Tulimpelekea Nduta marinda yetu yote. Wacera peke yake hakupeleka, kwa hivyo siku chache kabla ya safari Nduta alichukua utepe wake wa kupimia na kopo la pini, akaenda kwake. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa ameshika paji la uso.

Alikuta begi dogo la Wacera juu ya kochi, tayari, nguo zimeviringishwa vile alivyotufundisha. Akafurahi. Rinda la kijani lilitolewa kabatini, nalo lilikuwa na urembo wa manjano shingoni, maana lilikuwa la mama wa bibi harusi. Upindo haukuwa umeshonwa. Ulikuwa bado umeshikwa na pini, na pini zimeota kutu na kuacha alama za kahawia kwenye kitambaa.

"Pini zangu hizi!" Nduta akasema. "Nilizitafuta kweli."

Wacera akalivaa, akapanda juu ya kigoda. Nduta akapiga magoti, akaweka pini mpya mdomoni, akaanza kuzunguka upindo. Geuka kidogo, anamwambia kwa mkono. Geuka tena. Wacera anageuka. Akafika mahali pa kutazama meza, na hapo Nduta akaona mkono wa Wacera umenyooka wenyewe kuelekea mezani, kama mtu anayetaka kuchukua kitu kilichokuwa pale. Hakukuwa na kitu.

Ndipo Nduta alipokumbuka. Siku harusi ilipovunjika, simu ya Kui ililia mezani pale Nduta akiwa amepiga magoti hapo hapo, mbele ya kigoda hicho hicho, akishika upindo huo huo. Alimsikia Wacera akisema, "Ehe, Kui, ongea," kisha akamsikia hasemi kitu. Siku ile Nduta alikusanya vitu vyake na kutoka taratibu ili asimsumbue, na tangu siku hiyo, kila alipofikiria ile kijani, alifikiria kitambaa tu.

Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema. Magoti yaliuma. Alisema alijisikia mdogo kuliko kopo la pini.

Wacera ndiye aliyeanza, kwa sauti yake ile ya kawaida. "Ulikuwa hapo hapo ulipo."

Nduta akatema pini kiganjani. "Mama Kui, nisamehe. Nitawaambia wabadilishe. Leo leo."

"Usiwaambie kitu. Harusi ilipokufa walikuja hapa kunipa pole kama niliyefiwa, wakanywa chai, wakaniangalia. Wakija kunionea huruma mara ya pili nitahama Njiru." Akashuka kwenye kigoda. "Upindo niachie. Nitamaliza mwenyewe."

Kumwambia fundi kwamba utamaliza mwenyewe ni kumfungulia mlango aende zake. Ndivyo Nduta alivyoelewa. Na akiwa anatoka alimwona Wacera akiliondoa lile begi kwenye kochi na kulisukuma nyuma ya kochi. Akasema moyoni, basi, haji tena. Bahari aliyoitaka kuliko sisi wote ataikosa kwa sababu ya mdomo wangu.

Kosa likishakukaa kifuani, akili hufanya kazi kama kuku aliyefukuzwa, inakimbia kila upande. Nduta alitafuta njia. Sare iliyokubaliwa na kikundi haifutwi bila sababu, na sababu ndiyo aliyokatazwa kuisema. Akaona njia moja tu. Asubuhi iliyofuata nilipita kwake nikasikia harufu kali tangu barabarani. Alikuwa ameinama juu ya beseni nyuma ya kibanda, marinda yetu yote yamo ndani, na ile dawa ya nguo nyeupe, ambayo kila mtu huiita jiki, ameimimina chupa nzima. Maji yalikuwa yamegeuka rangi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ni hii dawa," aliniambia. "Nilidhani ni ya kulainisha. Nimekosea chupa, Mama Whitney."

Nilimwamini. Huyu ni mtu anayeokota vifungo, ningefikiriaje vingine?

Nyawira hakumwonea huruma. Alilinyanyua rinda lake, ambalo sasa lilikuwa na mabaka kama ng'ombe, akauliza mbele ya wateja, "Fundi wa miaka yote hiyo hajui chupa ya jiki?" Watu wawili waliokuwa wamekuja kupimwa wakaondoka polepole. Nduta hakujitetea. Tukakubaliana kila mtu avae yake.

"Mama Kui nimwambie mimi?" Nyawira akauliza. Simu ya Wacera ni ile ya vibonyezo, ujumbe wa kikundi haumfikii.

"Mwachieni mimi," Nduta akasema.

Lakini hakwenda. Yaani alikwenda, akafika getini, akarudi. Alikwenda tena jioni, akasikia redio ya Wacera ndani, akarudi. Alijiambia kwamba umbeya wa mtaa umeshamfikia, na kwamba mwanamke yule hawezi kulivaa lile rinda hata kwa kulipwa. Mwishowe akamwandikia ujumbe wa kawaida wa simu: "Njoo Syokimau kesho asubuhi. Kila kitu kiko sawa." Wacera akajibu, "Sawa." Nduta alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu aende kwake.

Asubuhi stesheni ya Syokimau ilikuwa imejaa, mizigo imepangwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse. Tulikuwa tumevaa kila mtu yake: Nyawira na suruali ya jinzi ya binti yake, mimi na ile sketi inayokubaliana na kila blauzi. Tukamwona Wacera anakuja.

Alikuwa amevaa kijani. Rinda lote, mikono mirefu, urembo wa manjano shingoni, kilemba cha kitambaa hicho hicho na hereni ambazo sijawahi kumwona nazo. Alitembea kama mtu anayejua wanamngoja. Alipotufikia akatutazama mmoja mmoja, akapunguza mwendo, akasimama.

"Sare ziko wapi?"

Nyawira akamnyoshea Nduta kidole. Akasema, "Muulize fundi wako. Alizitia jiki zote."

Wacera akamgeukia Nduta. "Ulikosea chupa?"

Nduta aliinamisha macho kwenye begi lake. Wacera akaelewa, na mimi niliyekuwa nimempokea begi lake nikaelewa pamoja naye.

"Nilikwambia nitamaliza mwenyewe," Wacera akasema, polepole, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Niliondoa begi kwenye kochi nikakaa na hili rinda, nikitoa pini moja moja. Kila pini nalia, natoa nyingine. Nikasema, wacha basi. Wale wanawake watapanda treni wote na rangi niliyoichagua mimi, nami nitakuwa katikati yao, na ile siku itakuwa imefika. Itafika, ipite. Halafu nitalifua kama rinda lingine."

"Nilidhani huji," Nduta akasema. "Nilitaka uje."

"Ungeniuliza."

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Pale kwenye mkutano hakuna kati yetu aliyemuuliza, na mimi nilikuwa nimeuona uso wake. Nduta alikosa kumuuliza mara mbili, mara moja kwa kuokoa nguo na mara nyingine kwa kuziharibu.

Nduta akafungua begi lake kwa haraka, akatoa mfuko. Ndani mlikuwa na vipande vya mikono aliyoikata kwenye marinda yetu, vya kijani safi, maana yeye hatupi kitu. "Tazama, vipo vya kututosha sote. Tutafunga kichwani. Sindano ninayo, nitavishona kwenye treni kabla hatujafika Emali."

Wacera akakishika kipande kimoja, akakigeuza, akamrudishia.

"Acha, Nduta. Usinishonee tena kitu ambacho sijakuagiza."

Akachukua begi lake mkononi mwangu, akaingia. Ndani ya treni alikaa dirishani, peke yake na kijani yake, abiria wengine wakimtazama kama mtu aliyekosea siku. Nduta alisimama kwenye njia akiwa hajui akae wapi. Wacera hakugeuka, lakini aliondoa begi lake kwenye kiti cha pembeni akaliweka miguuni, na baada ya muda Nduta akaketi.

Mimi nilikuwa nyuma yao upande wa pili, niliona yote. Upindo wa lile rinda ulikuwa umeshuka upande mmoja, mishono mikubwa ya mkono, mingine imeenda kombo. Fundi yeyote angeuona. Nduta aliutazama mpaka Mtito Andei, mikono yake juu ya mfuko wa vipande, na hakuugusa.