Usikisome kwa Sauti

Mdogo wangu alikuwa ametengeneza programu ya kuhesabu mali dukani. Mama mmoja mwenye duka la jumla Kikuubo, sokoni Kampala, alimwahidi kazi kwa sharti moja: wauzaji wake waweze kuitumia kwa kufuata mwongozo tu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikamlea mdogo wangu, na sasa nachapa kazi za wanafunzi katika mtaa wa Wandegeya. Mwongozo ule niliuchapa mimi.

Siku ya majaribio mama aliketi mwenyewe mbele ya kompyuta. Akasoma kwa sauti, "Kuona mauzo, andika ripoti leo," huku akigonga herufi. Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.

"Kijana, mashine yako ina kiburi."

"Mama, umeandika lipoti. Ni ripoti."

"Si ndiyo hiyo nimesema? Lipoti!"

Duka zima likacheka, isipokuwa sisi wawili. Mama akatupa nafasi moja ya mwisho, jioni.

"Nitaifanya programu ikubali zote mbili," mdogo wangu akasema tuliporudi Wandegeya.

"Na wakiandika bizaa badala ya bidhaa? Utayafuatilia matamshi ya Kampala nzima?"

Akanionyesha mwongozo kwenye kompyuta yake. Kule kila amri ilikaa peke yake ndani ya kisanduku. Alipounakili kwenye ukurasa wangu wa kuchapia, visanduku vilipotea, amri zikazama katikati ya sentensi, na msomaji akaziandika kama anavyozitamka.

Basi nikavirudisha. Kila amri niliipa mstari wake na kisanduku cha kijivu, kwa herufi zenye upana sawa kama za taipureta, bila nukta mwishoni. Juu ya ukurasa nikaandika: *Kilicho kisandukuni kinakiliwe herufi moja moja. Usikisome kwa sauti.*

Jioni mama alipousoma mstari huo alinitazama. "Dada, yaani nifunge mdomo dukani kwangu?"

"Kidogo tu, mama."

Akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha kulia akaanza kuzitafuta herufi: r, i, p... Mauzo ya siku yakajaa kwenye kioo cha kompyuta. Akamwita keshia wake naye ajaribu, bila kumweleza neno. Yakaja tena.

"Kijana," mama akasema, "kesho asubuhi uanze kazi."

Nilipiga vigelegele palepale, hata wenye maduka ya jirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.