Mkebe Uliofukizwa

Juzi, sokoni Garsen, nilimwona mama mmoja akisuuza mtungi wa dawa ya shamba ili atekee maji. Nilipiga kelele hata watu wakageuka.

Nikiwa mdogo, kibuyu chetu cha maziwa kilipasuka. Mama akachukua mkebe uliokuwa na dawa ya kupe ya ng'ombe, akausugua kwa majivu, kisha akaufukiza kwa kijinga cha moto cha mti wa kunukia, kama tulivyofukiza vibuyu.

"Moshi huondoa kila kitu," aliniambia.

Kweli, harufu kali iliisha.

Adhuhuri alikamua mbuzi humo, akammiminia paka kidogo. Mimi nilitakiwa kumngoja Baba, kwani hatukuwa tukinywa kabla yake. Jua lilipopinda, paka akaanza kurukaruka na kujinyonganyonga mchangani. Nilicheka, nikidhani anacheza, bakuli langu limejaa mikononi.

Baba alifika, akamtazama paka, akauona ule mkebe, akalipiga bakuli kwa fimbo likaruka.

"Umekunywa? Sema, umekunywa?"

Nililia kwa hasira. Maziwa matamu vile, yote mchangani! Mama alipiga magoti, akaninusa mdomo, akaninusa tena, na tena.