Siku Tuliyompangia Vestine Mawe Yake

Jumatatu, tarehe 30 Juni. Asubuhi ukungu mwepesi ulikaa juu ya Gitega, mtaa wetu hapa Kigali, mchana jua kali na vumbi la kiangazi, upepo hakuna kabisa.

Nina aibu na nina hasira, na sijui nianze na ipi. Mambo ya Jumamosi nilikuwa nimeamua nisiyaandike popote, yafie hukohuko Kivu, lakini leo asubuhi nimemkuta Consolata pale dukani anayasimulia kwa namna yake, na kwa namna yake yeye anatoka msafi kama nguo ya Pasaka, kwa hiyo bora niandike mimi, na nitajitahidi kuwa mkweli hata pale ukweli unaponiuma (nimeishia darasa la saba, huko Karagwe, Tanzania, tulikokulia ukimbizini, nikikosea mahali mtanisamehe).

Consolata ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ndiye kiongozi wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache zinazofuatana ambazo serikali inazihesabu kama familia moja. Ndiye aliyeona picha kwenye simu, watu wamekaa mbele ya mahema kando ya ziwa Kivu, nyuma yao magofu ya kambi ya askari Wajerumani wa zamani, akasema na sisi twende, isibo nzima, tukalale huko siku mbili. Mume wangu Faustini hakutaka. "Mama Diane," aliniambia, "mama yangu alilala kwenye hema kwa sababu hakuwa na nyumba. Mimi nyumba ninayo. Naenda kulala kwenye hema kutafuta nini?" Nikamwambia tu kwamba kule kuna upepo mzuri.

Tuliondoka Ijumaa, watu kumi na wawili kwenye basi dogo la kukodi, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambayo nchi nzima watu wanatoka na majembe kufanya kazi ya pamoja na magari hayatembei mpaka saa tano. Tukafika mchana. Pazuri, siwezi kusema uongo. Ziwa liko chini, majani yameteremka mpaka majini, na juu yake hizo kuta za askari, nyingine zimesimama, nyingine zimebaki kama meno ya mzee. Mbele ya ukuta mmoja palikuwa na mawe mengi sana yametandazwa majanini, makubwa kwa madogo, mchanganyiko mtupu, ungefikiri mtu alikuwa anayaanika.

Hapo ndipo tulipomkuta Vestine. Binti wa miaka kama ishirini na nane, kofia ngumu kichwani, suruali imejaa chokaa.

"Karibuni, mama. Mimi ndiye fundi wa mawe hapa," alisema. "Ukuta huu ulikuwa unaanguka, mimi na wenzangu wawili tunaurudishia. Jumatatu wakaguzi wanakuja kutazama kazi. Wakiridhika wananipa na zile kuta mbili za kule. Wasiporidhika, wanaleta kampuni kubwa, sisi turudi kuchonga mawe ya makaburi."

"Mungu atakusaidia, binti yangu."

"Amina, mama. Sasa nilitaka kuwaomba, haya mawe hapa chini..."

"Kwanza umekula?" nikamkatisha.

Ndiyo, nilimkatisha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpa parachichi, nikamweleza habari za goti langu, nikamuuliza kama ameolewa, na yeye kila mara anayatazama yale mawe, anafungua mdomo, mimi naendelea. Mwisho pikipiki ya kumpeleka kijijini ikapiga honi. "Mama, tutaongea kesho," akasema, akapanda.

Jumamosi asubuhi Consolata aliamka na wasiwasi. Kiongozi wa isibo hawezi kukosa umuganda. "Tukirudi watatuuliza tulifanyia wapi," akasema. "Tutajibu nini, tulikuwa tunaota jua?" Kijiji kilikuwa mbali, kukijua hatukijui, nikaangalia huku na huku, na macho yangu yakatua kwenye yale mawe. Nikamfikiria yule binti. Jumatatu wakaguzi wanakuja, watakuta uchafu huu! Huruma ikanishika, ya kweli, siyo ya kujionyesha. Nikasema maneno matano tu:

"Tumpangie yule binti mawe yake."

Jamani, sisi ni watu wa Kigali. Mtu wa Kigali akiona kitu kimetawanyika, mkono unamwasha. Watu kumi na wawili tukainama. Makubwa na makubwa, madogo na madogo, yale bapa peke yake, na tukayapanga kwa rundo refu lililonyooka kama limepimwa na kamba, mpaka Faustini, ambaye ndiye pekee aliyeuliza "Mna uhakika?" (nampa haki yake), akasahau swali lake akaanza kubeba mawe ambayo wengine tulishindwa. Mlinzi wa pale akaja akasimama, akatutazama, akasema tunafanya vizuri. Akabeba hata yeye! Mawe mawili, lakini alibeba.

Consolata akagundua kwamba mawe mengi yana michoro ya chaki ya bluu ubavuni. "Angalia watoto wa huku," akasema, "wanachora mpaka mawe ya serikali." Akachota maji ziwani, akatafuta kitambaa, akaanza kuyasugua. Na mimi niliiona hiyo chaki. Niliona namba nane, wazi kabisa. Nikasema, kweli, watoto hawana adabu.

Saa nne hivi akaja mkuu wa kijiji, mwanaume mrefu mwenye kitabu kwapani, kuuliza kwa nini wageni wa kwenye mahema hawakuonekana kazini. Alipofika karibu uso ukabadilika. Akazunguka rundo letu, akalipiga kofi dogo kama mtu anayepiga ng'ombe mnono. "Hivi ndivyo!" akasema. "Hivi ndivyo!" Na badala ya kutuandika majina, akapiga simu, akaagiza kwamba leo ule mkutano wa baada ya kazi usifanyike shuleni, ufanyike hapa, watu waje wajifunze.

Wakaja. Kijiji kizima kilipanda ule mlima, majembe mabegani, bibi na vikapu, vijana, kwaya ya kanisa, mia mbili kama siyo zaidi. Mkuu wa kijiji akasema wageni hawa walikuja kupumzika lakini uzalendo haukuwaacha. Makofi. Akauliza wazo lilikuwa la nani, na Consolata akanyoosha kidole kwangu kwa ukarimu mkubwa (kumbukeni hicho kidole), nikasimamishwa juu ya jiwe, mimi ambaye hata kwenye harusi ya mdogo wangu nilikataa kushika kipaza sauti, nikahutubia. Nilisema usafi unaanzia moyoni. Nilisema kuna binti wa hapa, Vestine, anafanya kazi peke yake kama yatima, na sisi tumemsaidia ili Jumatatu wakaguzi wasimwonee. Makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha mkono wayapunguze niendelee.

Ndipo nilipomwona anapita katikati ya watu, jembe begani, anatoka kwenye umuganda wa kijiji chake. Anatabasamu kidogo, kwa sababu alisikia jina lake. Halafu akafika mbele. Akaangalia rundo. Akaangalia majani matupu. Akalitua jembe polepole.

"Nani ameyagusa?"

"Ndio hawa wageni wetu!" mkuu wa kijiji akasema, bado anacheka. "Wapigieni tena!"

Wachache wakapiga. Vestine hakupaza sauti. "Huo ulikuwa ukuta," akasema. "Nilikuwa nimeulaza chini. Kila jiwe lilikuwa limelala pale linapotakiwa kusimama. Nimefanya miezi mitatu." Akaokota jiwe moja, akaligeuza, akalikagua ubavu wote. "Namba iko wapi? Nani amefuta namba?"

Mimi bado niko juu ya jiwe. Kushuka nashindwa, kwa lile goti, na hakuna anayenipa mkono. Kisha huko nyuma mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Hawa watu wa Kigali! Wakikaa wiki nzima watalipiga deki ziwa!" Na watu mia mbili wakacheka, mpaka kwaya, mpaka bibi mmoja asiye na meno akalazimika kukaa chini.

Sasa hasira yangu iko hapa, na naomba mnielewe. Mkuu wa kijiji, aliyelipiga rundo makofi, alisema palepale mbele ya watu, "Mimi nilifika saa nne, nilikuta tayari wamepanga." Mlinzi akasema alidhani tumetumwa na wizara. Wizara! Na soksi zetu zimetundikwa pale! Na Consolata, jirani yangu, ambaye mtoto wake nimemlea kama Diane wangu, akasema kwa sauti nyororo, "Sisi wengine tulifuata tu. Wazo lilikuwa la Mama Diane." Tulifuata tu! Na kitambaa kinamdondokea maji mkononi, kimegeuka bluu!

Niliwaka. Nilisema, kama mawe yana maana, kwa nini hamkuweka alama? Kwa nini hakuna hata kamba ya kuyazuia? Nikawa nasema kwa nguvu, nimeshika kiuno, mpaka Faustini akanishika kiwiko, akanishusha, akanionyesha kwa kidevu. Kamba ilikuwepo. Vijiti vinne na kamba ya manila, imezungushwa vizuri kabisa. Tangu Ijumaa tulikuwa tumeanikia nguo, na kitenge changu cha maua mekundu kilikuwa kimefunika kibao kizima. Nikaenda nikakitoa. Kibao kilisema USIGUSE MAWE, kwa lugha tatu, na zote tatu nazisoma.

Ziwa hatukuligusa tena. Vestine alikuwa na daftari, amechora kila jiwe na namba yake, na Jumamosi mchana kutwa na Jumapili (misa tulikosa, hilo nalo litaandikwa mahali) tulibomoa rundo letu zuri na kuulaza ukuta wake upya. Yeye anasoma, "Kumi na saba, safu ya tatu!" na sisi tunatafuta kumi na saba kama kuku aliyepotea. Yale yaliyooshwa ilibidi ayapime moja moja, alishike, aligeuze, afumbe macho, ajaribu, hapana, ajaribu kwingine. Hakututukana. Afadhali angetutukana. Neno kali aliloniambia siku mbili zote lilikuwa, "Mama, usiinue jiwe kabla sijakuangalia." Na Consolata, lazima niseme, ndiye aliyefanya kazi kuliko wote, mikono ilimchubuka na hakulalamika, ingawa samahani haikumtoka mdomoni.

Jumapili saa kumi dereva akaanza kupiga honi. Yalikuwa yamebaki mawe kumi na tisa yasiyo na pa kwenda, yamekaa pembeni.

"Nendeni," Vestine akasema.

"Kesho utawaambia nini?"

"Nitawaambia ilivyokuwa."

"Sema ni mimi. Andika jina langu." Nilimwandikia mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, jina na namba ya simu, kama ninasaini polisi.

Leo simu nimeiweka mbele yangu tangu saa moja. Gengeni kwangu kuuza sikuuza vizuri, mteja ananiuliza vitunguu mimi nampa nyanya. Saa tisa ikalia.

"Mama, wameshaondoka," Vestine akasema. "Niliwaambia kabla hawajaniuliza. Mmoja alikasirika sana, aliandika karatasi mbili. Ila ukuta mmoja wamenipa."

"Na wa pili?"

"Wa pili wamesema kwanza wataona."

Ukuta wa pili ulikuwa kazi ya mwaka mzima kwa watu watatu, alituambia wakati tunatafuta mawe, na sasa unaning'inia kwa sababu ya maneno yangu matano.

"Waliuliza ni nani," akaendelea. "Nikasema ni wageni waliotaka kunisaidia. Ule ukurasa niliutoa, mama. Nimeukunja, ninao mfukoni." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, kama ananipa habari za mgonjwa, "Yale kumi na tisa, kumi na moja yamepata mahali."

Nimejaribu kuendelea kukasirika baada ya hapo na sijaweza sawasawa. Kwa mlinzi naweza. Kwa mkuu wa kijiji naweza sana. Lakini kila nikifika kwa yule binti, na sentensi yake niliyoikata Ijumaa kabla haijafika mwisho, hasira inageuka inanitazama mimi. Basi naapa, na mniulize mkiniona nimekiuka: kitu cha mtu sitakipanga tena mpaka mwenyewe aniambie kipangwe, na mtu akianza kunieleza jambo nitafunga mdomo wangu mpaka atakapofika kwenye nukta. Jumamosi ijayo nitarudi kule, mimi na Faustini, bila hema, kama Vestine atakubali, kushika tu ninachoambiwa nishike. Mawe manane bado.

Jioni hii Consolata amegonga mlango na sufuria ya dodo, ule mchicha wa kwetu, aliloliunga kwa karanga. Hakusema samahani, na mimi sikuidai. Tumekula ugali, maharage na hilo dodo lake, Faustini, Diane, mimi na yeye, na kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli, lilikuwa tamu, na niliongeza mara mbili.