Duara Lisilo na Kitovu

Nilifuta duara zima nikalijenga upya kwa vijistari vilivyonyooka, nikidhani nalisafisha. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo mbele ya kompyuta, na likinijia bado linanitia kinyaa.

Ilikuwa ofisi ndogo ya ujenzi hapa Kisangani. Tonton, mdogo wa baba, alikuwa dereva pale, naye ndiye aliyenidhamini kwa chef, mkubwa wa ofisi, kwamba najua kuchora. Nilichojua nilikitoa katika kitabu cha Kifaransa kilichokosa nusu ya kurasa zake. Nikapewa jaribio: tangi la maji la zege, la mviringo, lenye kuba juu, litakalojengwa upande wa Simi-Simi. Nikiweza, nitaandikwa kazi. Nikishindwa, aibu ni ya tonton pia.

Nilichora ukuta wa tangi na kuba yake, kisha nikaukuza ukuta kwenye kioo cha kompyuta niutazame vizuri. Ulikuwa na pembe. Duara langu limekatikakatika kama kucha iliyotafunwa. Nilisikia kinyaa cha kweli, kile cha kukuta unywele ndani ya mboga ya pondu. Sikumwuliza mtu, maana niliogopa wangejua sijui. Nikafuta, nikaanza kuunganisha vijistari vidogo mno, kimoja kimoja, vidole vikinata kwenye vibonye, moshi wa jenereta ukiingia dirishani, mpaka pembe zikatoweka hata nikikuza. Nikajiona fundi.

Chef akaja, kola ya abacost, suti ya enzi hizo, imembana shingo.

"Bon, citoyen," akasema, maana enzi hizo sote tuliitana raia. "Mwenye kazi anataka tangi kubwa kidogo. Badilisha rayon."

Rayon, yaani nusu-kipenyo. Nikagusa ukuta ili niibadilishe. Kompyuta ikanipa urefu wa kijistari kimoja, basi. Nikagusa pengine, vilevile.

"Katikati yake iko wapi?" akauliza.

"Haina, citoyen chef."

"Duara haina katikati?" Akavuta kiti, akajaribu mwenyewe kuusukuma ukuta nje. Vijistari vikaachana, kila kimoja na njia yake. "Donc, hii iko tangi ama iko musumeno?"

Wachoraji wa meza za jirani wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, chef, atakata nayo mbao."

Chef akachora duara jipya, akaandika rayon kubwa, likapanuka papo hapo, na pembe zake zilezile za kuchukiza. Akaandika amri ya kuchora upya, pembe zikaisha. Kumbe mashine ilishika kitovu na nusu-kipenyo tu. Pembe zilikuwa picha ya haraka, ili isichoke. Kuba ndiyo iliyokuwa vipande bapa kwelikweli, vimeshonwa kama gamba la kobe, kwa kuwa programu ile haikuweza kushika mpindo wake. Hiyo ilistahili kinyaa changu, nami sikuwa nimeitazama hata kidogo.

Sikuandikwa. Njiani kurudi nyumbani tonton akasema, "Mutoto yangu, ungeuliza tu. Ni ile tu."

Nilijichukia kuliko nilivyozichukia zile pembe.

Sasa nachora katika ofisi nyingine. Pembe kwenye kioo bado zinanikera, ila kabla ya kufuta kitu namwuliza aliye karibu, na kompyuta naiuliza imeshika nini.