Nilimuua Golikipa Akiwa Hai, Nikakosa Mke

Wallahi wasomaji, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nilimuua mtu mzima kwa mdomo wangu, naye saa hiyo amekaa kwake anamenya mihogo!

Mwenyewe ni Mzee Athumani, golikipa wetu wa zamani hapa Kiswere. Ndiye aliyedaka penalti ya Bwana Shauri, Mzungu mwenyewe mkuu wa wilaya, mbele ya askari wake! Leo vidole vimempinda kwa mipira ile, hawezi hata kushona kuti. Paa linavuja na masika hayo yanakuja. Mkewe analala na sufuria miguuni, ya kukingia maji.

Na mimi nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti yao, Somoe. Nikataka nionekane mkwe wa maana.

Sasa timu yetu, nyie! Mchezaji wa zamani akiugua, humwoni mtu. Akifa, wanakuja wote na mchele, samaki, makuti ya kuezekea banda la wafiwa, na sanda. Akili yangu ikanituma huko. Asubuhi nikasimama sokoni, mikono kichwani: "Jamani, Mzee Athumani hatunaye!"

Loo! Adhuhuri msafara ukafika shambani kwake, kapteni mbele na sanda begani. Mzee akatoka na kisu cha mihogo mkononi.

"Karibuni. Kafa nani?"

Wawili wakatimua mbio, mmoja akaacha viatu.

Nikasema kweli palepale. Kapteni akanikaba shingo. "Mwehu we! Si ungetuambia tu kwamba paa linavuja?"

Mzee akamuuliza, "Mngekuja?"

Kapteni akaniachia shingo. Mzee akaichukua ile sanda, akaikunja vizuri. "Hii naitunza. Siku yangu ikifika msiniletee kitu. Vya siku hiyo nileteeni sasa."

Basi wakapanda juu kuezeka. Tukacheka! Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mpaka nikamwona Somoe.

Alikuwa kwa shangazi yake, kijiji cha pili. Amekuja mbio njia nzima, peku, vidole vinatoka damu, sauti imemkauka kwa kulia. Akamkumbatia baba yake, hamwachii. Kisha akanigeukia.

"Paa nimeliona, ahsante. Posa yako kaichukue kwa mjomba."

Nililia, sioni haya kusema. Na ameolewa na nani? Kapteni!

Siku hizi kila Ijumaa timu inampelekea mzee kitoweo. Mimi nami hupita. "Shikamoo, mzee." Ananijibu, "Marahaba, muuaji wangu. Ingia, paa halivuji tena."

Ndugu zangu, mchezaji wenu wa zamani mpelekeeni mchele wake angali na meno ya kuutafunia. Na mkitaka watu wamsaidie, waombeni kwa kauli ya kweli. Mimi sikuwaomba hata mara moja, ndiyo maana leo najipikia.