Karatasi ya Kumi Kwenye Kopo

Emong, tarishi wa chifu pale Kwapa, alikuwa na nyumba tano za kuonyesha wageni, zote za bati, zote kando ya barabara. Mgeni, alisema, hapelekwi uani. Tulipofika mwaka 1967, wanafunzi wa Tororo, kupima kila boma liko mbali kiasi gani na maji, alitutangulia na filimbi yake kuelekea kulekule. Mimi, mvivu wa kutembea, nilimpenda papo hapo.

Mwalimu Oguttu alikataa. Ukionja juu ya chungu tu, alisema, hutajua kama chini kumeungua. Akaandika namba za maboma yote mia moja, akazikunja, akazitia kwenye kopo la majani ya chai, akalitikisa. Akampa Emong atoe kumi.

Emong alilitazama kopo kwanza, ndipo akatia mkono. Baadaye alikiri sababu: ng'ambo ya bwawa, katika kibanda kinachovuja, aliishi Akurut, mama yake mzazi. Kwa miaka minne hakuwa amekanyaga huko, na aliona haya tujue.

Karatasi tisa zilitoka salama. Ya kumi ilikuwa sitini na tatu, boma la Akurut.

"Hii mi narudisha," alisema. "Huko tope tu, mwalimu."

"Iliyotoka imetoka."

Maboma mia, na vidole ni vyake mwenyewe. Nilipoijua siri yake, nilisisimka mwili mzima. Leo nafundisha jiografia, najua hesabu zake zote, na mshangao ule haujanitoka.

Tulivuka bwawa, tope magotini. Bibi Akurut alitutandikia mkeka, akamtazama mwanawe, akamwita kwa jina, basi. Nikauliza maswali yangu. Maji ya kunywa yako wapi? Nusu saa kwa miguu. Nani anakuchotea? Bibi akautazama mtungi uliokuwa mlangoni.

"Andika mimi," Emong akasema.

"Tunaandika yaliyopo," Mwalimu akajibu bila kuinua macho.

Emong alivua kofia ya kazi, akaiweka mkekani, akauchukua ule mtungi. Huku kwetu mwanamume hakuonekana na mtungi. Tulimngoja saa nzima, penseli mkononi. Aliporudi, maji yakimchuruzika mabegani, mama yake aliupokea mtungi kwa mikono miwili, akalia.

"Sasa andika," Mwalimu akaniambia.